Ncha Elfu Mbili za Zambarau

Aila alikaa nyuma ya abiria wawili katika basi liendalo hospitali ya Thunder Bay, akijifanya anatazama theluji. Mbele yake binti aitwaye Darlene alikuwa ameshika kiganjani jiwe la amethisto, kito cha rangi ya zambarau.

"Leo namtolea dada yangu figo," alimwambia mzee aliyeketi naye, ambaye hakumjua. "Hili linanituliza. Ukilitazama, akili inakaa mahali pamoja."

Mzee Reino akacheka. "Mwanangu, nimechimba mawe hayo miaka thelathini. Yangekuwa yanatuliza, mke wangu asingenifokea vile!"

Aila akauma mdomo asicheke.

"Kwani hayajawahi kukutuliza hata siku moja?"

Reino akasimulia jinsi shimo la mgodi lilivyoporomoka likamfungia kutwa nzima. Alipomulika taa, ukuta wote ulikuwa zambarau, ncha za mawe hayo kwa maelfu, ambazo hakuna jicho lililoziona tangu dunia iumbwe. "Nikazihesabu. Nilipovuka elfu mbili nikasikia sururu za wenzangu wakinifukua. Utaamini? Nilikasirika kukatizwa."

Aila alisahau kujifanya anatazama theluji.

"Basi yalikutuliza!"

"Kuhesabu ndiko kulikonituliza!"

"Ulihesabu nini, babu?"

Basi likasimama hospitalini. Darlene akashuka, ngumi ameifumba. Reino akavua kofia yake, na dereva, aliyekuwa amesikia yote, hakufunga mlango mpaka binti alipoingia ndani.