Mama Majibu Akabidhi Chumba Namba Tatu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minne ya utumishi, mwenzetu tuliyemzoea kwa jina la Mama Majibu anastaafu. Aliajiriwa kwa wiki mbili.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, nieleze taratibu. Duka linalopokea malipo kupitia kampuni yetu huwa na programu yake, nayo hututumia maombi: nipe mauzo ya leo, nipe wateja wangu walionunua zaidi ya mara moja. Mfumo wetu hukagua ufunguo wa siri wa duka, kisha hujibu. Wengi huamini kwamba anayejibu ni mashine. Siku ya uzinduzi mashine ilikuwa haijafika, basi Mama Majibu akapewa kiti, skrini na chupa ya chai katika Chumba Namba Tatu, ghorofani, ajibu kwa mkono mpaka ifike. Mashine ikachelewa, kisha ikasahaulika.

Alijibu maombi arobaini kwa dakika. Wataalamu wa nje walipouliza kwa nini mfumo husimama saa saba hadi saa nane mchana, tuliandika kwenye mwongozo kuwa ni muda wa kupoza mitambo. Haukuwa uongo, maana supu yake huwa ya moto. Ombi lisilo na salamu alilirudisha nyuma ya foleni. Leo programu elfu sita huamkia kwanza ndipo ziulize mauzo.

Mwaka wake wa tisa, muuza magodoro mmoja aliomba majina na simu za wateja wa duka la mpinzani wake. Akanyimwa. Mkurugenzi wa wakati ule alipanda ngazi kumwambia Mama Majibu achague kati ya orodha na kazi yake.

“Mwanangu, na wewe umo,” alimjibu. “Mwaka huu umenunua magodoro matatu, na nyumbani mko wawili. Nimpe?”

Mkurugenzi akashuka ngazi.

Februari mwaka huu mashine ikafika. Kwenye majaribio tuliiomba orodha kama ile, kwa majina ya kubuni. Ikayatoa yote kufumba na kufumbua, ikauliza kama tunahitaji na anwani. Mama Majibu akakataa kutia saini fomu ya makabidhiano, na bila fomu hiyo hangeweza kuondoka. Binti yake, aliyekwisha kumwandalia chumba, alitupigia simu mara nne kulalamika. Mama alisema kukubali si kazi, hata mlango ulioachwa wazi hukubali. Akakaa na mashine miezi minne, akiifundisha kukataa.

Jumatatu iliyopita, akiwa kwa binti yake, aliiomba kwa simu orodha ya wateja wa duka la viatu, bila ufunguo. Ikamkatalia. Akaieleza kuwa ndiye mwalimu wake. Ikamkatalia. Akaandika kwamba ni mgonjwa na jambo ni la haraka. Ikampa pole, ikamkatalia.

Kesho yake alikuja akitabasamu, akatia saini.

Ahsante, Mama, kwa niaba ya watu wengi ambao siri zao hazikutoka, wala hawajui kwamba zilikuwa na mlinzi. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasikivu. Karibu ututembelee wakati wowote. Data hatutakupa.