Daftari la Gari Jekundu

Wazee wetu, ndugu, majirani na nyote mliofika kutufariji, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wadogo zangu, bali kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mezani siku tatu na madaftari yake, mpaka miwani ikaniachia alama puani. Inatakiwa nimwite marehemu tangu mwanzo hadi mwisho, nitajitahidi, lakini mkisikia nimesema baba mnivumilie, ulimi nao umechoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambavyo kimoja kilikuwa karakana, akakua kati ya vumbi la mbao na vipande vya vitambaa, na shangazi yetu, ambaye ndiye peke yake aliyebaki katika wale watano, anasema kaka yake alikuwa mtoto wa kulia akivalishwa shati lenye kifungo kilicholegea.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza Novemba 1966, na mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ana mwandiko mzuri na hana haraka, maneno ambayo marehemu aliyachukua yote mawili kuwa sifa. Sekondari hakwenda, akakaa mwaka mmoja akimsaidia babu kupiga randa, kisha Januari 1968 akaingia gereji kujifunza kupiga magari rangi, akaanzia kwenye msasa, akapanda hadi kuchanganya rangi kwa macho tu, bila kipimo. Huko alidumu miaka kumi na minne, na alitoka na vitu viwili alivyokuwa navyo mpaka mwisho, kifua kilichojaa rangi, kwa sababu barakoa alidai inamziba asinuse kama rangi imekauka, na jina la Kitambaa, kutokana na kile kitambaa laini kisichoshuka begani mwake hata akiwa anakula.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, aliyeketi hapa mbele, wakakaa miaka sita wakingoja mtoto, na katika miaka hiyo, tarehe 2 Machi 1982, likaingia gari. Naomba mnielewe, silitaji gari kabla ya watoto kwa kukosa adabu, nafuata tarehe tu. Bosi wake alikuwa ameagiza gari la michezo, jekundu, la viti viwili, akamtoa marehemu gereji ili awe mtunzaji wa rangi ya gari hilo, si dereva, si fundi wa injini, rangi tu, na watu wa mtaani walicheka sana, wakisema Kitambaa kapata kazi ya kufuta vumbi.

Hawakujua. Marehemu alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, zisichanganyike kufa kupona, aliosha kabla jua halijapanda, akianza na paa akishuka chini, na kitambaa kikidondoka chini hakikurudi tena kwenye gari hata kingekuwa kipya. Akimaliza kuosha aliingiza kiganja ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni, akapapasa bodi taratibu akiwa amefumba macho, kwa sababu alisema mkono ulio ndani ya mfuko unasikia punje za uchafu ambazo mkono mtupu hauzisikii. Pete ya ndoa aliivua na kuitundika kwenye msumari kabla ya kuligusa, isije ikakwaruza, na mama alizoea kuwaambia wageni, "Huyu mume wangu ana mke mwenza mwekundu, na akienda kwake ananivulia pete," wakacheka wote, lakini mimi nilikuwa namwona mama usoni, na hakuwa akicheka sana.

Kila siku ya kazi aliiandika kwenye daftari. Siku ya kwanza ya mwezi alipiga mistari kwa rula, akaandika tarehe zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha jioni baada ya jioni akajaza alichofanya, na hata kama hakufanya kitu aliandika, "Mvua, sikugusa." Tarehe zote mnazozisikia leo kuanzia mwaka huo mpaka alipostaafu zimetoka humo, maana vyeti vingi vililiwa na mchwa, madaftari yakabaki salama ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kuzaliwa kwangu kumeandikwa hivi: "21/5/83. Nimeosha paa na milango. Nta sikupaka. Mtoto wa kike, saa saba mchana." Nta na mimi tulipewa mstari mmoja, na nikasema moyoni, sawa baba, angalau nimo. Mdogo wangu wa kiume alifuata tarehe 27 Januari 1988, mama akajifungua kwa upasuaji, na kitinda mimba wetu tarehe 11 Oktoba 1992.

Sasa nifike kwenye doa, kwa sababu wengi wenu mnalijua, na ningeliruka mngenong'ona. Mwaka 1988 bosi alisafiri mwezi wa kwanza akarudi mwezi wa nne, akakuta kwenye boneti alama ya kinyesi cha ndege iliyokula vanishi ya juu ikaacha doa la kijivu, na kwa mtunza rangi hiyo ni aibu ambayo haina sabuni, kwa sababu uchafu ule ukioshwa mapema unatoka kwa maji tu, ukiachwa juani siku kadhaa unazama. Bosi alimuuliza imekuwaje, marehemu akajibu, "Ni uzembe wangu," basi, hakuongeza neno. Alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa ufunguo wa banda la vifaa miezi sita akawekwa getini, na gari likawa linapelekwa kuoshwa barabarani, ambako walilisugua kwa sponji iliyodondoka mchangani, likarudi na mikwaruzo ya duara ubavu mzima, ndipo akaitwa tena. Mikwaruzo aliipunguza kwa majuma saba ya kupiga polishi kwa mkono, lakini doa alikataa kuligusa, maana vanishi ile ni nyembamba kuliko karatasi na kila ukisugua unaipunguza, na doa lilikuwa limekwenda ndani mno. Bosi alipotaka boneti ipigwe rangi upya, marehemu alimwomba sana aiache rangi ya kwanza, kwa hiyo doa likabaki, na kila mgeni aliyelisifu gari alioneshwa na doa, na baba akiwa amesimama pale pale na kitambaa chake.

Na mimi nina langu. Mwaka huohuo, nikiwa na miaka minne, nilishikwa na homa ya uti wa mgongo, nikalazwa bila fahamu, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka katika maisha yangu ni kufumbua macho wodini, kando ya kitanda changu hakuna mtu, halafu baba anaingia mlangoni na kitambaa begani, ananuka nta. Nilikua na picha hiyo. Nilijua kwamba mama alikuwa na mshono na mtoto mchanga, nikajua baba ndiye aliyepaswa kukaa nami, na nikaamini alikuwa akipitia kwanza kwa gari, ndipo aje kwangu. Tarehe 6 Agosti 2011, jikoni kwa mama, tulipogombana kwa sababu alichelewa kufika kwenye kikao cha mahari yangu kwa kuwa alikuwa akipaka gari nta, maneno yalinitoka mbele ya wadogo zangu, nikamwambia, "Hata nilipokuwa nakufa uliliosha kwanza." Marehemu akakunja kitambaa mara nne, akatoka nje. Miaka miwili tulisalimiana tu, baadaye mambo yakapoa kama yanavyopoa katika nyumba za watu, bila mtu kumwomba mwenzake radhi, na mimi nikaona hiyo inatosha.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Septemba 2016, kikohozi kikiwa kimeshaanza, na Februari 2019 madaktari wakatuambia mapafu yamechoka na hayatarudi. Miaka mitano tuliishi kwa mitungi ya hewa, zamu za kulala sakafuni, na dawa zilizobadilishwa kila baada ya miezi michache, na kusema kweli kuna siku nilitamani iishe, nalisema hapa kwa sababu najua sipo peke yangu. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, mama akiwa ameshika mkono wake wenye pete.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao hawakutufukuza hata muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, tunawashukuru majirani waliotubebea mitungi ghorofani, hasa fundi cherehani wa chini aliyekuwa akifunga mashine yake kila tulipopiga kelele ngazini, na tunamshukuru mlinzi aliyefanya kazi na marehemu miaka ishirini na miwili.

Tunamshukuru pia bosi, aliyekaa mstari wa pili, na hapa naomba dakika moja ambayo haimo kwenye karatasi ya familia. Bosi, juzi nilifika kwenye daftari la mwaka 1988. Tarehe 28 Januari imeandikwa, "Nimeosha. Turubai limefuliwa, lipo kambani. Nimeitwa nyumbani, mtoto." Kisha zinafuata tarehe alizoziandika tangu mwanzoni mwa mwezi, 29, 30, 31, na ukurasa wa pili kuanzia 1 hadi 8 Februari, ambazo shangazi aliziandika na kuzipigia mistari kwa rula wodini kwa kuwa marehemu alimwomba, na mbele yake hakuna kitu, siku kumi na moja, hata neno mvua halipo. Nimemuuliza mlinzi, akasema gari lilibaki wazi uani, bila turubai lake, siku zote hizo, na yeye hakulifunika kwa sababu marehemu alikuwa amemkataza asiliguse hata kwa kidole, akatii. Tarehe 9 imeandikwa, "Daktari kasema hatari imepita, nimekwenda mara moja. Kinyesi boneti, kimeshazama. Nimerudi wodini, mtoto kafumbua macho, sikuwepo." Chini ya neno sikuwepo amepiga mistari miwili kwa rula.

Wewe ulimwita mzembe, na mimi nilimwita kitu kibaya zaidi, na mbele yetu wote wawili hakujitetea, kwa sababu nadhani hakutaka jina la mtoto wake litajwe pamoja na kosa. Bosi, sikulaumu, ulikuwa hujui. Mimi ndiye mwanaye, na ufunguo wa sanduku lile ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ukutani nyumbani miaka yote.

Nimeambiwa umekuja na gari na limeegeshwa kivulini nje. Ndugu zangu, mkitoka mtaliona doa, boneti upande wa kushoto karibu na taa, ukubwa wake ni wa kucha ya kidole gumba, ruksa kulitazama, ila msiliegemee. Zile siku kumi na moja nimezijaza jana kwa kalamu yangu, mwandiko wangu si mzuri kama wake, na kila mstari nimeandika maneno yaleyale: "Yuko na mtoto."

Baba, nisamehe. Kitambaa tumekifua na kukianika, pete unayo kidoleni, hakuna kinachokungoja kesho asubuhi, basi pumzika, na amani iwe nawe.