Benedicta Kokushubira na Nyimbo za Lweru

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya binti yetu kama alivyoyaishi, bila kuyapunguza.

Benedicta Kokushubira Zephania alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa tatu wa Mwalimu Zephania na Mama Getrude. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari Bukoba mwaka 1998, na wakati wa likizo alijifunza kwa babu yake kupiga enanga, chombo cha nyuzi cha Wahaya, ingawa aliambiwa ni kazi ya wanaume.

Mwaka 2001 alikuja hapa Stockholm, Uswidi, kusomea uuguzi, akaajiriwa katika nyumba ya wazee mtaani Hässelby, na tarehe 18 Juni 2005 akafunga ndoa na Deo, Mhaya mwenzake, wakajaliwa Ella mwaka 2006 na Jabari mwaka 2010.

Mwaka 2011 alikutana na Mirembe Namubiru, Mganda aliyeishi Alby, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, mpigaji wa nyckelharpa, fidla ya Kiswidi ya enzi za kale, wakaanzisha kundi la watu wawili, Lweru, jina la Kihaya la ziwa letu kuu la kwetu Kagera, wakiimba habari za Mugasha, mwenye mawimbi na dhoruba katika masimulizi ya wazee, kwa sauti za taratibu kama za watawa wa zamani. Mwandaaji mmoja wa tamasha aliwataka walete ngoma na vitenge ili watu wacheze, naye Benedicta akamjibu, "Anayetaka kusikiliza akae, asiyetaka asitusubiri." Baadhi ya washarika wa kanisa lake walimtaka achague kati ya Mugasha na Kristo, akasema hadithi za babu yake si madhabahu, na Jumapili iliyofuata akaketi benchi la mbele, kama kawaida.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na tarehe 9 Mei akaondolewa zoloto, kiungo cha sauti, akabaki akipumua kwa tundu la shingoni. Yakasemwa maneno, kwamba Mungu amemnyamazisha. Familia inasema mbele ya jeneza hili kwamba hakunyamaza. Nyimbo alimkabidhi Ella, aliyezoea kumjibu mama yake kwa Kiswidi, mama akimwandikia maneno ya Kihaya na Deo akimtamkia. Tarehe 5 Oktoba 2024, katika onyesho huko Vårby gård, kitongoji kingine cha kusini mwa Stockholm, Ella aliimba na mama yake akapiga enanga, na binti alipoteleza katikati ya wimbo, Benedicta aligonga ubao wa enanga mpaka akarudi kwenye mstari. Watu waliposimama kupiga makofi, yeye alibaki ameketi, kidevu juu, kitambaa cha shingoni amekivua makusudi, tundu la koo likionwa na kila mtu.

Saratani ilirudi mapafuni, akafariki tarehe 11 Februari 2025, Deo akimshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Hässelby waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na Mirembe, ambaye ni wa nyumba hii. Nanyi mliosema mliyoyasema, mmekuja, karibuni mkae. Ibada ikiisha, Ella na Mirembe wataimba wimbo wa Mugasha hapa hapa, kwa kuwa ndivyo Benedicta alivyotaka, na familia haikumwomba mtu ruhusa ya kumtii.

Pumzika, Benedicta, kwa amani uliyoipigania.