Noeline Hallinan, Aliyewasomea Watoto wa Tarrawin

Ndugu, majirani na marafiki mliojaa katika ukumbi huu wa Tarrawin, familia imeniomba mimi, Mervyn Voss, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yangu Noeline Faye Hallinan, nami nitayasoma yote, hata ile sehemu ambayo baadhi yetu tungependa irukwe.

Noeline alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika hospitali ya Leongatha, mtoto wa kwanza wa Arthur na Elsie Voss, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kwa kuwa wazazi wetu walikuwa zizini alfajiri na jioni, ni yeye aliyenisomea vitabu nilipokuwa mdogo, tumeegemea mapipa ya maziwa, kila ukurasa akisimama na kuniuliza, "Merv, unadhani sasa itakuwaje?" kisha akiningoja mpaka niseme, hata kama nilikuwa naropoka.

Alianza shule ya msingi hapa Tarrawin mwaka 1957, akaendelea na sekondari Leongatha, akapata stashahada ya ukutubi Melbourne mwaka 1973, na tarehe 4 Februari 1974 akaajiriwa katika maktaba ya mji wetu, ambako alibaki maisha yake yote ya kazi. Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Desmond Hallinan, dereva wa lori la maziwa na mtu wa utani, aliyependa kuwaambia watu, "Mke wangu analipwa kukaa sakafuni," nao wakajaliwa watoto wawili, Rowena na Craig, na baadaye wajukuu watatu. Desmond alitutangulia tarehe 20 Agosti 2009.

Wengi wenu mmewahi kukaa kwenye zulia lake la hadithi pale maktabani, kila Jumanne saa nne na nusu asubuhi, wengine mkiwa na nepi, wengine mkiwa mmewaleta watoto wenu, kwa hiyo mnajua kwamba hakuwa akiwafundisha watoto wadogo kusoma, bali aliwaandaa, akiimba majina yao kwa kupiga makofi kila silabi, akipitisha kidole chini ya maneno, akirudia kitabu kimoja wiki baada ya wiki mpaka watoto wanakidai wao wenyewe, na juu ya yote akiuliza swali na kunyamaza, kwa muda mrefu kiasi kwamba wazazi wageni walidhani amesahau ukurasa, mpaka sauti ndogo itoke mahali fulani, ndipo aseme, "Umepatia!"

Mwaka 1998 alikuja maktabani msichana aliyetoka tu chuoni, Jacinta Pell, na dada yangu akamfundisha kazi hiyo yote, akamkaribisha mezani kwake kila Krismasi, akawa wa kwanza kumpendekeza kuwa mkuu wa maktaba mwaka 2017. Majira ya baridi ya mwaka 2019 maktaba ilifungwa ili paa litengenezwe, na Jacinta akamwomba, "Noe, turekodi vipindi vichache tu, watoto wasikukose," naye akakubali kwa furaha, akasoma mbele ya kamera akiuliza na kungoja kama kawaida yake.

Jumanne tarehe 15 Oktoba 2019, maktaba ilipofunguliwa, Noeline aliingia na kikapu chake cha vikaragosi, akajikuta yeye mwenyewe yuko ukutani, kwenye televisheni kubwa, tayari anasoma, na baba mmoja akamtania, "Noe, siku hizi mko wawili?" Alikaa nyuma kabisa, akaisikia sauti yake ikiuliza, "Bata ameenda wapi?" na hapo hapo, bila hata pumzi kupita, akaisikia ikijibu, "Umepatia!" na mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa ameshafungua mdomo akageuka kwa mama yake, amekasirika, akisema, "Mimi sijasema bado!" na mama akamwambia, "Haya mpenzi, sema tu," naye akakataa, "Bibi wa ukutani hasikii."

Alimfuata Jacinta ofisini na kumuuliza nani aliyeikata video ile, akajibiwa, "Kulikuwa na mapengo ya kimya, Noe, watu wangedhani mtambo umekwama," naye akasema, "Jas, hapo ndipo mtoto anapofikiri, na wewe unajua, wewe nilikufundisha mwenyewe." Ndipo alipoambiwa kwamba video hizo zingetumika kila Jumanne, hapa na katika matawi mengine mawili, na kwamba yeye angeweza kupumzika.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na sitaki kumfanya mtu kuwa mbaya kuliko alivyo, maana matawi yale hayakuwa na msomaji kabisa, halmashauri ilikuwa imepunguza watumishi, na inawezekana Jacinta aliamini kwa moyo safi kwamba anawagawia watoto wengi zaidi kitu alichokipenda yeye mwenyewe. Lakini dada yangu hakulia kwa kupoteza kazi, alilia kwa sababu sura yake na sauti yake zilikuwa zinawasifu watoto kwa majibu ambayo hakuna aliyewaachia nafasi ya kuyatoa, na aliyefanya hivyo ndiye aliyejua kuliko wote maana yake.

Mwezi Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Leongatha na Melbourne, na mwezi Mei mwaka huu, video zikiwa bado zinaonyeshwa kila Jumanne, Jacinta alimtembelea wodini, akamshika mkono, naye Noeline akamwomba jambo moja tu, "Izime, Jas," na Jacinta akasema, "Nitaizima, Noe, nakuahidi," mbele yangu na mbele ya Rowena. Noeline alifariki Alhamisi tarehe 1 Juni 2023, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jumanne iliyofuata Rowena alipita maktabani kurudisha vitabu vya mama yake, akamkuta mama yake ukutani, anasema, "Umepatia!"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula na kukamua ng'ombe wetu wiki hii, na watumishi wenzake wa maktaba, pamoja na Jacinta Pell, ambaye tunamshukuru kwa miaka yote waliyokaa pamoja kwenye zulia lile, na ambaye tunamwomba, kwa kuwa yupo hapa nasi, atimize alichoahidi kabla ya Jumanne ijayo.

Dada Noeline, pumzika kwa amani, kaburini na pale ukutani.