Uzi Uliotundikwa Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Patrocinio Belmonte, mvuta uzi. Alifariki Jumanne, hapa hapa Murcia, Uhispania, akiwa na miaka tisini na moja. Alikuwa mvuta uzi wa mwisho. Nyuma yake hakuna mwingine.

Uzi huo ulitoka tumboni mwa kiwavi wa hariri. Kiwavi alilowekwa kwenye siki, akapasuliwa, mfuko wake wa hariri ukavutwa kwa vidole hadi ukawa uzi, kisha ngozi ya uzi ikamenywa kwa meno. Wavuvi wa Uskoti waliufungia ndoano zao za manyoya, maana samaki hauoni majini.

Patro, kama tulivyomwita, alianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na miwili. Alipokuwa msichana mkubwa, kijana Ginés alimwomba busu, naye akajibu, "Subiri Jumapili. Leo meno yangu yako kazini." Wakaoana.

Halafu nailoni ikaja. Miforsadi, miti iliyolisha viwavi, ikakatwa, ikapandwa milimau. Patro akabaki na kifungu kimoja, nyuzi mia za mkono wake, ndani ya karatasi nyeusi kabatini.

Binti yake, Remedios, tangu utotoni aliionea haya harufu ya siki mikononi mwa mama. Ukubwani alijuta. Akakitoa kifungu, akakitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika dirishani penye jua, wageni wakione. Kilikaa hapo miaka ishirini.

Mwaka jana alikuja Mskoti mmoja na ufito wa babu yake wa kuvulia samaki. Alitaka kuuvulia kwa uzi wa zamani, hata mara moja tu. Patro alivaa gauni la kanisani. Walizitoa nyuzi kwenye fremu, wakaziloweka majini zilainike, wakazivuta kuzijaribu. Wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika. Hadi wa mwisho.

"Jua huozesha uzi," Patro alimwambia binti yake mgeni alipoondoka.

"Ulijua, Mama? Mbona hukusema?"

"Ilikuwa mara yako ya kwanza kuwaonyesha watu kazi yangu. Ningesemaje?"

Remedios alitafuta viwavi ili mama avute uzi mpya. Vidole vya mama havikuwa na nguvu tena, na meno hayakuwapo. Akavuta yeye.

"Unavuta kama unakamua mbuzi," mama alisema.

Kila uzi ulikatika. Majira ya viwavi yakapita. Mama hakuyaona mengine.

Remedios, wewe na nyumba yako, poleni sana. Hatuna neno la kuwapunguzia uchungu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tazameni kuta zenu. Kama kazi ya mama imetundikwa pale, na mama bado yupo, ishusheni leo. Mkalisheni, awashike vidole, awafundishe. Remedios anasema fremu bado ipo dirishani. Haina kitu ndani, na hajui aitoe vipi.