Nafasi ya Émilienne

Mbele ya duka la Mbusa, pale Walikale, kuna benchi la mbao ambalo tangu asubuhi halikosi watu. Wanalipendea mambo mawili. La kwanza ni kahawa: Mbusa ni mtu wa Butembo, huletewa kahawa ya kwao, huichemsha mwenyewe na tangawizi, na birika lake hamshikishi mtu. La pili ni mtandao. Ukikaa hapo unaupata. Ukisogea kidogo upande wa barabara, simu yako inageuka kioo cha kujitazamia meno. Kwa hiyo watu hukaa, hunywa, husubiri simu zao ziamke, na wakati wa kusubiri ndipo maneno yanapozaliwa. Na maneno ya benchi lile, nakuambia, yakizaliwa asubuhi, mchana yameshaota ndevu.

Siku hiyo walikuwa wanne. Alikuwepo Mbusa mwenyewe na birika lake. Alikuwepo mzee Zéphyrin, aitwaye Ministre, yaani waziri, kwa sababu havui koti hata jua likichoma, ingawa hakuna ofisi aliyowahi kuifanyia kazi. Alikuwepo Sébastien, kijana anayetengeneza simu, ambaye wote humwita Ingénieur. Na pembeni kabisa alikaa Akilimali, seremala, mwanaume wa miaka arobaini hivi asiyewahi kuoa. Huyu walimpa jina la Musumari, kwa kuwa akifanya kazi hubana misumari midomoni, na hata akishaitema huongea kama bado anayo.

Habari iliyokuwa mezani ilikuwa yake. Kwa miezi mingi Akilimali alikuwa anaimba na mwanamke aitwaye Émilienne, aliyekimbia vita na kutulia katika kambi ya Kashuga, kule Masisi. Hawajaonana hata mara moja. Walikutana ndani ya simu, kwenye ile studio ambamo watu walio mbalimbali hufungua wimbo mmoja, kila mtu akatia sauti yake kwenye mstari wake, na mtandao ukaupeleka kwa mwenzake. Binamu mmoja wa Goma aliwaingiza humo pamoja na wengine wengi, eti wawe kwaya. Kwaya ikafa. Wakabaki wao wawili, hakuna aliyewaambia waache. Akilimali anatia gitaa na ubeti, Émilienne anamjibu, halafu kinafuata kiitikio cha fundi anayemaliza kazi: jua imezama, nafunga mulango, lala muzuri. Ubeti wa kwanza alijibu siku ileile. Wa pili alijibu huku anakohoa kidogo. Ubeti wa tatu ulipotumwa, kimya. Jumapili zikapita.

— Iko shida ya batterie tu, alisema Mbusa akimimina. Mvua inanyesha kila siku, panneau yao haipate jua.

— Hapana, Papa Mbusa, akasema Sébastien. Mvua gani ya wakati yote hii? Balishaiba simu yake.

— Nyinyi muko batoto, akasema Ministre. Yule mama balishamuoa. Kuko muntu wa Kirolirwe, iko na ngombe mingi. Asubuhi anakunywa maziwa, mangaribi anakunywa maziwa. Sasa atakumbuka fundi wa mulango?

— Ulimuona wapi, huyo muntu wa ngombe?

— Sikumuona. Lakini ngombe iko Kirolirwe ao haiko?

Walikubaliana kwamba ng'ombe wapo. Akilimali alizungusha kikombe chake bila kunywa. Hakumwamini Ministre, lakini ng'ombe wale walikuwa wameshaingia kichwani mwake na walikuwa wanene.

— Miye nawaambia kintu, akasema Sébastien kwa sauti ya chini. Musikasirike. Émilienne haiko muntu. Ni machine. Siku hizi machine inaimba kama mwanamuke. Labda sasa balishaizima.

— Machine inakohoaka? akauliza Mbusa.

— Njo ujanja yenyewe! Banaitia kikohozi juu ukubali.

— Ingénieur, wacha, akasema Ministre, ambaye hapendi mtu mwingine awe na wazo kubwa kuliko lake. Musikilize. Sauti ikitoka Kashuga kuja hapa, si inapita mu hewa? Na pale Bisie, chini ya udongo, kuko cassitérite, ile jiwe ya bati, ya kujaa milima. Ile ni kintu nzito, inavuta. Sauti ya Émilienne iko inafika Bisie, inavutwa, inaingia mu shimo. Bantu ba kule chini banasikia mwanamuke anaimba ndani ya jiwe, banatupa nyundo, banakimbia!

— Na ubeti ya kwanza na ya pili, juu ya nini haikuvutwa?

— Ile ilikuwa nyepesi.

Mbusa alicheka hadi akamwaga kahawa. Akilimali hakucheka. Yeye alijua ubeti wa tatu ulikuwa mzito kweli, ila hakuna mwingine aliyejua uzito wake ni upi.

— Kaka, si umupigie tu simu? akauliza Mbusa, sasa kwa upole.

— Nilishamupigia, siku moja, zamani.

— Akasema nini?

— Tulisalimiana. Nikasema huku mvua inanyesha. Akasema na huku pia. Kisha unités ya simu ikaisha.

— Basi umupigie tena.

Akilimali akatikisa kichwa. Angewaelezaje? Ndani ya wimbo anaweza kusema lolote, gitaa humshika mkono. Lakini kwa simu tupu angemsikia Émilienne akisema hapana, wazi kabisa, na neno hilo lingekaa naye nyumbani kila jioni. Alimpenda yule mwanamke. Alipenda anavyovuta pumzi kabla ya kuingia, kama mtu anayebisha hodi kwanza. Katika ubeti wa tatu alimwomba aje awe mke wake, na tangu siku hiyo hakuthubutu hata kujisikiliza. Alirekodi gizani mwa karakana, na badala ya kuutuma mwenyewe kama zile mbili za kwanza, akampa Sébastien simu autume, basi.

Wakati huo pikipiki ikasimama barabarani, gurudumu la nyuma limelala. Dereva akaenda kutafuta wa kuziba, na abiria wake, mama wa makamo mwenye kikapu cha jibini za mviringo, akaja moja kwa moja kwenye harufu ya kahawa.

— Karibu, Mama, kaa, akasema Mbusa.

— Aksanti, Papa. Miye Brigitte, natoka Kirolirwe na fromage yangu. Muko munalilia nani hapa? Sura zenu ni za kilio.

Ministre alimweleza. Alimweleza kambi, betri, mashine, na Bisie yote mpaka chini ya jiwe, na alipofika kwa yule tajiri wa ng'ombe Mama Brigitte akainua mkono.

— Kirolirwe nabajua bote benye ngombe. Hakuna mwenye alioa muntu wa Kashuga. Sasa mulete ile wimbo.

— Haiko muzuri, Mama, akasema Akilimali, na akaifunika simu kwa kiganja.

— Papa, wimbo banaielezaka? Ni ya kusikia. Lete.

Kuna wanawake ambao ukibishana nao unaona aibu kabla hujashindwa. Akilimali akaondoa mkono. Sébastien akagusa kioo, na gitaa likaanza, kisha ikaja sauti ya Akilimali, nene na yenye woga, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikisema maneno mengi kiasi hicho:

Nimechonga mulango ya nyumba yangu,
mbao nyekundu, mikono yangu mbili.
Émilienne, ukifika Walikale,
utaingia ukuwe bibi yangu?
Jua imezama, nafunga mulango, lala muzuri.

Wimbo ukaisha. Ministre alibaki na kikombe mdomoni.

— Kumbe! Musumari! Ulimuomba!

— Unatuficha kintu kama hii? akasema Mbusa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa. Siye si ndugu zako?

Akilimali alitazama viatu vyake. Masikio yalimwaka moto. Ni Mama Brigitte peke yake ambaye hakupiga kelele. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa simu, bado anasikiliza, kama kuna kitu hakijafika.

— Na yeye, akauliza, anaingilia wapi?

— Wapi nini, Mama?

— Kwetu, mwenye kuanzisha wimbo ananyamaza. Gitaa nayo inanyamaza. Njo mwenye kuitika anapata fasi ya kuingia. Hapa Papa anamuuliza mwanamuke wa bantu kama ataingia mu nyumba, na mara moja anamufungia mulango ku uso. Miye nauliza tu: anaingilia wapi?

Mbusa akamtazama Akilimali.

— Niliacha fasi, akasema Akilimali. Haki ya Mungu. Niliacha fasi kubwa. Hata miguu sikuisogeza.

Sasa kila mtu aliona kwamba Sébastien alikuwa anachunguza kikombe chake kana kwamba nacho kimeharibika na kinangoja fundi.

— Ile fasi ilikuwa bule, akasema polepole. Miye sikusikiliza wimbo, pale dukani kelele ni mingi. Niliangalia tu ile mustari. Fasi kuko sauti, inasimama kama milima. Kisha ikalala, plat, kintu hakuna. Nikasema, Musumari alisahau kuzima. Nikaikata, wimbo ikuwe nyepesi, mégas zake za internet zisiende bule. Nikaunganisha. Niliunganisha muzuri, kaka. Hauwezi hata kusikia ni wapi.

Na ni kweli, hukuweza kusikia. Alikuwa ameifanya kazi kwa moyo wote.

Akilimali hakumkasirikia. Alitaka, lakini hasira haikupata pa kukaa, kwa sababu kifua chote kilikuwa kimejaa Émilienne: ameketi Kashuga mbele ya kibanda, simu sikioni, anasikia mwanaume anamwita kwa jina lake, anavuta pumzi ile yake ya kubisha hodi, na kabla haijamtoka, mlango puu! Labda alirudia kusikiliza. Labda alitafuta pa kuingilia, akakosa, akadhani amechezewa mbele za watu. Uchungu alioupata haukuwa wa kujihurumia mwenyewe.

— Rudisha, akasema.

Studio ile haisahau. Kila ulichokifuta inakihifadhi nyuma, mtu akitubu akirudie. Vidole vya Sébastien vilijua njia. Akarudi mpaka siku ile, akaufungua wimbo ulivyokuwa. Wakaangalia wote: milima, kisha uwanda mrefu usio na kitu, kisha milima tena. Mama Brigitte akasema, ehe, sasa hapo muntu anaingia hata na kikapu. Wakautuma.

Wakangoja. Dereva wa pikipiki akarudi, gurudumu limezibwa, Mama Brigitte akamwambia akae anywe kahawa, fromage haina miguu ya kukimbia. Kwenye kioo, vile viduara vya waimbaji vilikuwa vya kijivu vyote. Halafu kimoja, chenye herufi É, kikageuka kijani.

— Ameingia, akanong'ona Sébastien.

Ministre alitaka kusema jambo. Mbusa akamjazia kikombe mpaka ukingoni ili ashughulike nacho. Kijani kikakaa. Kikakaa sana. Kisha kikazimika. Akilimali alianza kunyanyuka aende kazini kwake, ajifiche nyuma ya mbao, ndipo simu ikalia. Mstari mpya ulikuwa umetokea ndani ya wimbo.

Walisikia kwanza mbuzi, na watoto wanaocheza mbali. Kisha pumzi ile. Kisha Émilienne akaimba, mahali pake hasa:

Nitaingia, fundi, nitaingia,
lakini siko peke yangu.
Mama yangu anatembelea fimbo mbili.
Mulango yako iko na upana gani?

Baada ya hapo hakuna kitu. Hakutia kiitikio. Alikuwa ameacha uwanda mtupu, mrefu, naye akasubiri upande wa pili.

Mbusa alijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia birika. Ministre, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alimgeukia Akilimali aseme yeye. Akilimali alisimama, akafumba macho kidogo, na midomo yake ikahesabu kitu: fimbo upande huu, fimbo upande huu, mwili wa mama mzee katikati, na binti anayemshika kiwiko.

— Haitoshe, akasema. Lete simu, Ingénieur. Ukuje ubonyeze ile nyekundu ya kurekodi.

Akavuka barabara, Sébastien nyuma yake mbio, wengine wakafuata na vikombe vyao. Nyumba ya Akilimali inatazamana na duka. Aliung'oa mlango kwenye bawaba zake, ule mlango mwekundu wa mti wa libuyu uliomchukua masika mazima, akauegemeza ukutani kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mgonjwa. Kisha akachukua msumeno, akaushusha juu ya fremu. Sébastien akanyoosha simu, akabonyeza, na sauti ya mbao inayokatwa ikaanza kuujaza ule uwanda, taratibu, kwenda na kurudi.

Hakuna aliyekohoa. Dereva wa pikipiki alivua kofia, ingawa hakuelewa ni kwa nini. Walisimama hivyo mpaka kipande cha kwanza cha fremu kilipoanguka na jua likaingia ndani hadi kwenye kitanda.

Mama Brigitte akaangalia lile tundu pana, akaangalia mlango uliokuwa ukutani, mwembamba sasa, usiofaa tena.

— Na leo usiku, akauliza kwa sauti ndogo, Papa huyu atafunga nini?

Akilimali alikuwa ameshahamia upande wa pili wa fremu, anakata.