Kurasa Tatu za Juzuu ya Saba

Miaka thelathini na minne ya kazi inatimia tarehe 30 Juni, siku ambayo mwenzetu wa Idara ya Machapisho, tunayemwita Bi Nukta, anastaafu. Tumeombwa tuandike maneno matamu. Tutajaribu, ingawa tuna hasira.

Aliingia kama mpiga chapa, anatoka akiwa mhariri wa kumbukumbu za zamani za Bunge na mahakama. Juzuu saba zimepita mikononi mwake. Karatasi zilizoliwa na mchwa, wino uliofifia, mwandiko wa makarani kama nyayo za kuku: vyote alivisoma kwa lenzi na subira. Aliwahi kuirudisha kazi kwenye kiwanda cha uchapaji mara nne kwa ajili ya nukta moja, ndipo akabatizwa jina hilo. Alicheka kuliko sisi.

Juzuu ya saba ndiyo iliyomponza. Ndani yake mlikuwa na kesi ya wajane waliofukuzwa mashambani mwao. Ushahidi wao ulijaza kurasa tatu. Aliyewafukuza ni babu wa mkubwa mmoja wa leo. Mkuu wa idara akamwambia, "Ziruke hizo. Nani atajua?"

"Wajane hawa walishanyamazishwa mara moja, bosi," akajibu. "Mara ya pili haitakuwa kwa mkono wangu."

Kurasa zikaondolewa, naye akatupwa stoo miezi kumi na mmoja, kupanga makasha. Na sisi wenzake? Tulikunywa chai, macho chini. Aibu hiyo ni yetu. Yeye aliiandikia bodi inayosimamia idara yetu barua tisa. Ya tisa ikawafanya waitishe daftari lenyewe la mahakama na kulisoma kwa macho yao. Kurasa zikarudi.

Juzuu ilipotoka, jina lake halikuwamo. Lililopo ni la mkuu, ambaye mwandiko ule hawezi kuusoma hata mstari. Tumelalamika, tumeambiwa tusiwe wachochezi.

Wiki ile ile bibi mmoja aliingia chumba cha kusomea na mkongojo wake, akaomba asomewe kesi hiyo, na Bi Nukta akamsomea. Mmoja wa wajane alikuwa mama yake mzazi. "Rudia, mwanangu," alisema kila walipofika mwisho. Bi Nukta alirudia mpaka sauti ikamkauka.

Ahsante, dada yetu. Nenda ukapumzishe macho, ulale vizuri, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Barua ya kumi kwa bodi, ya kudai jina lako liwemo, tumeshaiandika sisi, na safari hii tumetia sahihi wote.